Rangi Alizochagua Gerishom

Malindi,
Jumapili, 6 Septemba 1987

Ndugu Badawi,

Jumamosi ya tarehe 22 Agosti, mbele ya mashine ya mchezo wa ndege iliyo nyuma ya duka la aiskrimu la Renzo, nilipoteza kazi ya Watamu. Kabla ya magharibi nilikuwa nimepoteza na jina langu la ufundi. Nimetanguliza hasara kwa sababu ndiyo iliyonikalisha kuandika, na sikutaka usome ukurasa mzima wa salamu ukidhani hii ni barua ya heri.

Sasa salamu. Assalaam alaykum. U hali gani, na kazi ya hapo Mtwapa inakwendaje? Yule tajiri wako wa nyumba ya wageni ameacha kukupa zamu mbili mfululizo, au bado? Mimi mwilini ni mzima, sina homa wala kikohozi. Mamako Bi Batuli hajambo. Nilipita kwake Shela juzi, akanilisha mkate wa mofa na samaki wa kukaanga, akaniuliza mara mbili kama nimekuandikia. Nikamjibu kwamba nitakuandikia. Sikumwambia nitakuandikia nini. Yeye bado ananiita mwanangu nami bado naitika labeka, kwa hiyo elewa kwamba kalamu hii ni nzito mkononi mwangu.

Nitaeleza tangu mwanzo, hata yale unayoyajua, ili baadaye usije ukasema kuna mahali hukunielewa.

Unaikumbuka mashine ilipofika mwaka wa themanini na tano, mguu mmoja umevunjika na waya zimeliwa na chumvi ya melini. Renzo alikuwa karibu kuitupa. Mimi ndiye niliyeifungua, nikaikausha, nikapima kila waya kwa mita yangu hadi kioo kikawaka, na wewe ndiwe uliyepiga kofi la kwanza zile jeti mbili zilipotokea zimetazamana. Viti viwili, kioo kimoja, anga moja. Kila mchezaji ana kijiti cha kuongozea, mkono wa kuongeza na kupunguza mwendo, na kitufe cha makombora. Kabla ya kuanza mnachagua rangi za ndege, kwani zote mbili zina umbo moja: ziko nyeupe, samawati, nyekundu na kijani. Kisha mnachagua ardhi ya chini: bahari, jangwa, theluji au msitu. Pale kwetu tulicheza daima nyeupe na samawati, juu ya bahari. Watu walidhani ni mazoea tu, au mapenzi ya watu wa pwani kwa bahari yao. Wewe ulijua kwa nini.

Ulijua kwa sababu ulikuwa nyuma yangu kwenye foleni Kilifi, tulipokwenda kwenye usaili wa jeshi, vijana wawili tuliojiona tayari tumeshapewa mbawa. Daktari alinifungulia kitabu cha madoadoa, akaniuliza, "Hiyo ni namba gani?" Mimi, ninayekokotoa kichwani hesabu za mafungu mazima ya waya bila karatasi, nilitazama ukurasa ule nikaona changarawe tupu. Akafungua wa pili, changarawe. Wa tatu, changarawe. Akasema kwa upole kwamba nyekundu na kijani kwangu ni kitu kimoja, na kwamba mtu wa namna hiyo hapewi ndege. Wewe ulikataliwa dakika chache baadaye kwa ajili ya nyayo zako bapa. Tuliporudi tulikaa Kibarani, chini ya paa la kibanda cha chai, tukaapiana. Mimi niseme tumekataliwa kwa sababu ya umri, nawe useme hivyo hivyo. Nyayo zako sijapata kumtajia mtu hadi leo. Kwako lilikuwa jambo la aibu kidogo. Kwangu lilikuwa jambo la kula na kutokula, maana nani atampelekea redio yake fundi asiyeijua waya nyekundu?

Tulipokosa ndege za kweli tukazipata za Renzo. Ijumaa baada ya swala, duka likiwa limefungwa, tulikuwa tukikaa sisi wawili na soda zetu, mimi nikitazama namba zinazopita chini ya kioo, wewe ukitazama maumbo. Hapo ndipo tulipozipata kanuni zetu. Hakuna aliyetufundisha. Mimi niligundua kwamba jeti ikiwa na mwendo wa mia tano, duara yake ikigeuka inameza nusu ya kioo, lakini ukiishusha hadi mia tatu na ishirini inageuka ndani ya robo. Na ukizidi kushusha, ikifika chini ya mia mbili na hamsini, inaanguka kama dafu. Kwa hiyo atakaye kukata kona hupunguza mwendo kabla ya kona, si akiwa ndani yake. Wewe ulisema kwamba kuwa juu ni akiba, kwa kuwa anayeshuka hubadilisha urefu kuwa mwendo wakati wowote apendao, na aliye chini hana cha kubadilisha. Tukakubaliana kwamba mtu akikushika mkia usikimbie moja kwa moja, maana mstari ulionyooka ndio njia ya kombora. Vuta kijiti, panda, kata nguvu ghafla. Yeye atapita chini yako kwa pupa yake, na sasa mkia ulioshikwa ni wake. Tena usifyatue mpaka mabawa yake yazidi ile duara ya shabaha, maana makombora ni matatu tu na ukiyamaliza wewe ni kuku aliyefungwa miguu.

Na kanuni kubwa ilikuwa ya kupishana. Mkija pua kwa pua, usigeuke kabla hajapita ubavuni mwako. Anayewahi kugeuka ndiye anayeonyesha mgongo. Ndege zikishapishana, aliye wa kwanza kujua yuko wapi ndiye anayebaki hewani. Ndiyo maana tulikuwa tukiwaambia wanagenzi wasipende kupishana na aliyewazidi. Wakae mbali, wapige, wakimbie.

Mwezi wa Juni uliniandikia ukaniomba kanuni hizi kwa ajili ya wenzio wa Mtwapa, kwa kuwa mmepata mashine kama yetu katika baa moja hapo. Nilikuandikia zote, kurasa nne, na michoro nikachora. Sikuficha hata moja. Zipporah, mke wangu, alinicheka akaniuliza kama kuna mvuvi anayemwonyesha mwenziwe mtego wake ulipo. Nikamwambia kwamba Badawi si mwenzangu wa biashara, Badawi ni mimi. Hayo ndiyo niliyoyasema, shahidi ninaye.

Kisha likaja jambo la Watamu. Renzo alipata ukumbi katika hoteli moja, akaagiza mashine sita, akawa anatafuta mtu wa kuzitunza na kuwafundisha wageni kucheza. Mimi nilidhani ni langu bila maneno. Lakini Renzo unamjua, anapenda tamasha. Akatangaza kwamba atakayeshinda shindano la Agosti ndiye atakayepewa ukumbi. Sikununa. Nilipiga hesabu ya wachezaji wote wa kutoka Mambrui hadi Mtwapa niliowahi kuwaona, nikaona kwamba hapana anayeweza kunishinda mikono miwili ya mchezo kati ya mitatu. Nilikwisha kuanza kukitafutia mtu kibanda changu cha redio.

Wewe ukaniandikia tena, kwamba Gerishom wa kwenu Mtwapa atakuja kushindana, kwamba ni mtu muungwana, anakaa kwenye kaunta ya pesa katika ile baa, na kwamba nimpokee kama ambavyo ningekupokea wewe. Ukaahidi kuja naye. Alikuja Alhamisi peke yake. Alisema umebanwa na zamu. Nilimpa godoro sebuleni kwangu, Zipporah akampikia pilau aliyofundishwa na mamako, na Ijumaa nilipokuwa kibandani alishinda nyumbani akitengeneza bawaba ya mlango wetu, asikubali kukaa bure. Kwa kweli nilimpenda. Nilimwambia kwa mzaha kwamba nitamshinda kwa heshima, nimwachie angalau ndege mbili za kubebea habari nyumbani. Akajibu kwamba yeye ni Mtaita, na Mtaita hula alichokwisha kukiua, hali cha kuahidiwa.

Siku yenyewe chumba kilijaa hadi watu wakasimama juu ya makreti ya soda. Mikono ilikuwa mitatu, kila mkono mshindi ni anayewahi kuangusha ndege tano. Juu ya mashine unakijua kile kibao cha kadibodi nilichokiandika mwenyewe: MGENI HUCHAGUA KWANZA. Kanuni hiyo niliitoa kwa wacheza karata wa Shela. Mimi mtu wa kuja, niliyetoka Mwala na begi moja, nilitaka wenyeji wajue kwamba nami adabu ya mji ninayo. Gerishom akachagua nyeupe, mimi nikachukua samawati, chini bahari. Nikamwangusha tano kwa mbili. Alicheza kwa kanuni zetu zote, Badawi, nilimwona kila alipopunguza mwendo kabla ya kona, na nikajisikia fahari kwa ajili yako kwamba umefundisha vizuri. Lakini mkono wake ni mzito. Hata wewe unamshinda.

Kabla ya mkono wa pili alikitazama kile kibao. Alifuta viganja kwenye suruali. Halafu, bila kunitazama, akasema kwamba kama mgeni anaomba kubadilisha. Akazungusha kitufe, akachagua nyekundu kwa ajili yake, akanichagulia kijani, na ardhi ya chini akaweka msitu.

Ningesema nini? Ningekataa, ningeulizwa sababu. Sababu ilikuwa moja. Na juu ya kichwa changu lilikuwepo andiko langu mwenyewe.

Nikueleze nilichokiona, ili ujue. Niliona kioo kizima cha rangi moja ya uji wa mtama, na juu yake vitu viwili vya rangi ya uji wa mtama vikienda. Mwanzoni niliijua yangu kwa kuwa ilianzia kushoto. Nikasema moyoni kwamba nitaishika kwa macho nisiiachilie, nitakaa mbali naye, nitapanda juu. Lakini Gerishom hakuniacha nikae mbali. Alinijia pua kwa pua. Akapita, akageuka, akanijia tena. Alitaka kupishana, hakutaka kingine. Yeye mwenye mkono mzito, niliyekwisha kumpiga tano kwa mbili, alitafuta lile jambo moja ambalo kanuni inamkataza mnyonge. Na kila ndege zilipoingiana kisha zikaachana, sikujua ipi ni yangu. Ilinibidi nitikise kijiti nione ipi inayotikisika. Hiyo ni nusu sekunde. Kwa mwendo wa maili mia tano kwa saa, nusu sekunde ni zaidi ya mita mia moja, na mita mia moja nyuma ya mtu ndiyo mahali kombora linapopenda kuzaliwa. Aliniangusha mara tatu hivyo. Mara ya nne niliongoza kwa ustadi mkubwa ndege ambayo haikuwa yangu, mpaka yangu ikajigonga mlimani yenyewe, na chumba kizima kikacheka kwa kudhani nafanya masihara. Ya tano akanimaliza, na mkono wa tatu sina haja ya kuusimulia. Alinishinda tano kwa moja.

Hapo bado ningeweza kuondoka nikiwa mtu aliyeshindwa mchezo. Lakini vijana wa Mtwapa waliofika asubuhi ile kumshangilia walikuwa wamelewa ushindi, na mmoja wao, kijana mrefu mwenye kofia, ambaye naona Gerishom alikuwa amemdokezea, akaingiza mkono katika sanduku langu la vifaa lililokuwa chini ya kiti, akatoa vipande viwili vya waya, akaviinua mbele ya watu wote. "Fundi," akasema, "utupe somo la mwisho. Huu rangi gani, na huu rangi gani?"

Gerishom alimwambia aache. Hilo nalikiri, alimwambia aache, tena kwa ukali. Lakini watu walikuwa wakinisubiri, na wengine kati yao redio zao zilikuwa kibandani kwangu zimefunguliwa matumbo. Ningekaa kimya, kimya kingejibu. Nikabahatisha. Nilikuwa na nafasi nusu kwa nusu, Badawi, na sikuwa na bahati ya nusu.

Hawakucheka mara moja. Kicheko kilianzia nyuma.

Renzo alinivuta pembeni, akanishika bega, macho yake yamelowa, maana si mtu mbaya. "Joram, mimi pole sana. Mashine sita, waya mingi. Hoteli nasema nini kama moto?" Nilimweleza kwamba mashine yake hii imefanya kazi miaka miwili kwa mikono hii hii, kwamba mimi sipimi kwa macho, napima kwa mita, na mita haina rangi. Akatikisa kichwa tu. Jumatatu asubuhi Kaingu, mwenye duka la mkaa, ambaye redio yake nimeitengeneza mara tatu na inaimba mpaka leo, alikuja kuichukua kabla sijaifunga. Hakusema neno baya. Alisema ameipatia fundi mwingine Kilifi. Baada yake wakaja wengine, na wengine wakatuma watoto. Leo rafu zangu ni nyeupe, hazina kitu. Ninayo pasi moja ya umeme, ya mtu aliyesafiri.

Sasa tufike kwako.

Kanuni zetu nilikupa bure, na ungewagawia watu wote mpaka Vanga nisingekulaumu. Macho yangu sikukupa ugawe. Gerishom hakuchagua rangi zile kwa bahati, wala msitu kwa bahati, wala hakutafuta kupishana kwa ujinga. Mtu alimwambia. Hapana mtu wa Malindi aliyejua. Daktari yule wa Kilifi hanijui kwa jina. Wewe ndiwe unayekaa naye mji mmoja, wewe ndiwe uliyemfundisha, wewe ndiwe uliyemleta mlangoni kwangu kwa barua, na siku ya kitendo wewe ndiwe usiyeonekana. Tena nimesikia kwamba Gerishom amemwambia Renzo atakuja Watamu na msaidizi wake wa kuaminika kutoka Mtwapa. Nimejumlisha hayo kutoka juu kwenda chini, na kutoka chini kwenda juu, jumla inatoka jina lako. Ulikuwa umechoka na zamu mbili na ugeni, ulitaka kurudi karibu na mamako. Ungeniambia. Ukumbi wa mashine sita hauhitaji mtu mmoja. Nilikwisha kupanga kukuita. Sikukuandikia kwa sababu nilitaka kukushtua kwa furaha.

Hivyo ndivyo nilivyoiandika barua hii mara ya kwanza, wiki iliyopita, nikaishia hapo, nikaweka sahihi, nikaibandika stempu. Sikuitia posta. Imekaa mezani imenitazama, kwa sababu ina uongo ndani yake, na wewe huujui.

Nimesema hapana mtu wa Malindi aliyejua. Yupo mmoja. Nilivunja kiapo chetu. Mwaka wa kwanza wa ndoa yetu Zipporah alikuwa akinituma sokoni, nami kila mara namletea nyanya mbichi, zisizoiva, akacheka, akanuna, hatimaye akanikalisha kitako akaniuliza kama namfanyia makusudi. Nikamwambia kila kitu, na kitabu cha madoadoa, na foleni. Hakucheka. Kesho yake alikuja kibandani na sindano na uzi, akafunga fundo kwenye kila gombo langu la waya: fundo moja nyekundu, mafundo mawili kijani, matatu kahawia. Kila gombo jipya nililonunua alilifunga yeye. Mita yangu ni kweli, lakini kwa miaka hii yote nimekuwa nikisoma pia kwa vidole, na vidole vyangu vilisoma alichokiandika mke wangu. Vipande vile viwili alivyoinua kijana wa kofia vilikuwa vimekatwa mbali na mafundo.

Nilimwendea Gerishom Jumapili yake, stendi, kabla gari lake halijaondoka. Nilimuuliza ni nani. Akainamisha kichwa, akasema ameapishwa asitaje. Nikamwambia basi ni Badawi. Hakusema ndiyo wala siyo. Alipokwisha kukanyaga ngazi aligeuka akaniambia maneno ambayo yananisumbua kuliko kushindwa kwenyewe. "Aliyeniambia hakukutakia mabaya, Fundi. Alilia."

Badawi, mimi na wewe tumejuana miaka mingi, tumefiwa pamoja, na sijapata kukuona ukilia.

Zipporah hakuutaka ukumbi wa Watamu. Kazi ile ilinitaka nilale hotelini siku sita, nije nyumbani siku ya saba. Nilipomweleza mara ya kwanza alikuwa akichambua mchele, hakuinua uso. Alisema, "Mimi niliolewa na mtu, sikuolewa na Jumapili." Nikadhani ni utani, nikacheka, nikaendelea kumpigia hesabu. Hakulisema tena. Ijumaa ile Gerishom alishinda nyumbani na bawaba yake, nao walikuwa wawili tu. Na siku ya shindano alikuwepo, amesimama mlangoni pamoja na wanawake wa Renzo wanaouza aiskrimu. Mkono wa kwanza alipiga makofi. Gerishom alipozungusha kitufe mpaka kwenye rangi zile, kabla ndege hazijaruka, nilimwona Zipporah akijifunika leso akatoka nje. Wakati ule nilidhani amekumbuka chungu jikoni.

Jumatatu, kama tulivyokuwa tumepanga tangu Julai, alikwenda kwa mamake Mwala. Kwaheri yetu ilikuwa ya kawaida. Aliniambia nisiache kula.

Sijamuuliza, kwa sababu swali hilo likishatoka halirudi. Kama si yeye, nitakuwa nimemtukana mwanamke aliyenifungia mafundo kwa mikono yake, na atalikumbuka kila atakaponiona nikimtazama. Kama ni yeye, sijui nitafanya nini, na mimi si mtu wa kutojua nitafanya nini. Kwako ninaweza kuuliza. Kwako nimekwisha kuuliza kurasa hizi zote.

Nami nikwambie neno ambalo sikutarajia kumwandikia mtu yeyote: natamani uwe ni wewe. Kama ni wewe, nitakasirika mwaka mmoja, labda miwili. Nitapita kwa Bi Batuli kwa mlango wa nyuma nikihofia kukukuta. Nitaanza upya na redio za watu wa Sabaki ambao habari hizi hazijawafikia. Hasara hiyo naiweza, nimeshaipigia hesabu. Ile nyingine sina hesabu yake.

Mahdi, binamu yako, anakuja Mtwapa kesho na ndiye atakayekupa barua hii mkononi. Atarudi Malindi Ijumaa, baada ya swala. Nisalimie wote wanaonikumbuka hapo kwenu, na tajiri wako mpe salamu za kiungwana. Bi Batuli anasema mkeka wako ameumaliza, atakutumia, na kwamba ukipata nafasi uje hata kwa siku moja. Mungu akupe afya na riziki yenye baraka. Hilo naliandika kwa moyo, vyovyote jibu lako litakavyokuwa.

Sitaki maelezo. Sitaki unitajie mtu mwingine, wala kunifariji, wala kubeba lisilo lako kwa kunihurumia. Ukinidanganya kwa huruma utakuwa umenisaliti kweli. Basi la Zipporah linaingia Malindi Jumamosi tarehe 12 asubuhi, nami nitakuwa stendi. Ninataka, nikisimama pale, nijue kama mikono hii naifungua au naiweka mfukoni. Kwa hiyo Ijumaa hii, kabla Mahdi hajapanda gari, mpe karatasi yenye neno moja. Ulimwambia Gerishom, au hukumwambia?

Nasubiri,

Joram